Kila mtu na jana yake: kisa cha mikorosho 212, Newala

Mikorosho 212. Naanza na hiyo namba mana ndo iliyotukesha siku tatu, na mpaka leo kuna watu wawili kwenye ukoo wetu wanasalimiana kupitia watoto.

Ni kisa cha wahafidhina, watu walioishikilia jana, na jinsi jana zao zisivyofanana. Chenyewe kiko hivi. Mjomba wangu mkubwa, kaka yake mama tumbo moja, alifariki mwaka juzi kijijini kwake, ukitoka Newala mjini unashika ya Kitangari afu unaingia ndani kwa bodaboda. Kaacha mjane mmoja, watoto watano, wa kiume wawili na wa kike watatu, nyumba ya bati ambayo haikuwa na neno, na shamba la mikorosho ambalo ndo lilikuwa na neno. Arobaini ikasomwa, watu wakala pilau wakaondoka, wenye msiba tukabaki kwenye jamvi. Mimi nikapewa daftari niwe karani. Chuo nilisoma mambo ya siasa lakini sio hiyo iliyonipa kazi, ni kwamba mwandiko wangu unasomeka.

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: mimi ni mpwa. Kwa mila ya huku kwetu, Wamakonde na jirani zetu Wamakua, Wayao, Wamwera, ukoo unahesabiwa upande wa mama, na mali ya mwanaume ilikuwa inakwenda kwa watoto wa dada yake, watoto wake mwenyewe wana mjomba wao wa kuwatazama. Kwahiyo ikishinda mila, na mimi napata miti. Nisomeni mkijua hilo.

Waliokuwa na sauti pale jamvini ni wanne. Ukimuuliza mmoja mmoja atakwambia hapendi haya mambo ya kisasa, vijana wameharibika, dunia imekwisha. Yaani ukitafuta wahafidhina Tanzania nzima usipate, njoo kwenye ile nyumba. Wa kwanza Mjomba Mdogo, mdogo wake marehemu, ndo mkubwa wa ukoo kwa sasa, kwa lugha ya kwetu ndo mkulungwa, huyu kwake kila kitu kina namna kilivyokuwa kinafanyika. Wa pili Mwalimu wa madrasa, ambaye ni mkwe wa marehemu, kamuoa binti mkubwa. Wa tatu binamu yangu, mtoto wa kwanza wa marehemu, ana maduka mawili Mtwara mjini, swala tano, mke ndani, na hataki kusikia mtu anamwambia afanye nini na hela yake. Wa nne Mzee Balozi, balozi wa nyumba kumi wa tangu enzi za TANU, rafiki wa marehemu, aliitwa kama shahidi lakini shahidi gani anaongea kuliko mlalamikaji.

Siku ya kwanza kulikuwa hakuna ugomvi kabisa. Hiyo nataka muishike.

Ilikuwa hivi: mtoto wa pili wa kiume, kijana anataka bajaji, alikuwa kashaita mnunuzi. Mtu katoka Dar, gari nzuri, kiatu kimechongoka, kaja na maneno ya mradi mkubwa, atang'oa miti mizee yote, atachimba kisima, ataweka trekta, wanakijiji watapata ajira. Akataja milioni 18 kwa shamba zima. Nilikuwa natazama saa kwa sababu nilitaka kuwahi gari, na naapa haikuchukua dakika 15. Wote wanne wakakataa, tena kwa sauti moja, kwa lugha kali. Mzee Balozi akasema sisi tunaijua hii miradi, hata Nachingwea walikuja na matrekta wakaondoka wameacha ardhi ngumu kama sakafu, watu wakacheka mpaka mnunuzi naye akacheka bila kujua anacheka nini.

Kwa wasiojua, hiyo ni karanga ya Mwingereza. Kuanzia 1947 serikali ya chama cha Labour kule London ilitaka kulima karanga kwa maelfu kwa maelfu ya ekari Tanganyika, Nachingwea ikiwemo, bandari ya Mtwara na reli yake vikajengwa kwa ajili hiyo, na mwaka 1951 mradi ukazikwa ukiwa umemeza paundi milioni 36 hivi. Reli yenyewe ikaja kung'olewa. Kule Uingereza wahafidhina wa kila aina waliushika huo mradi kama fimbo, wa mila wakasema ndo matokeo ya kupanga maisha ya watu ukiwa mezani, wa soko wakasema ndo matokeo ya serikali kufanya biashara, na wote walikuwa na raha moja. (Ila wazo lilianzia kwa bosi wa kampuni binafsi, Frank Samuel wa United Africa Company, tawi la Unilever, mwaka 1946. Hilo watu wa soko huwa hawalitaji.)

Sasa usiku ule nikiwa naandika muhtasari nikafanya kitu cha kikarani tu, nikaandika kila mtu alivyosema sababu yake. Nikasoma tena. Nikakuta hakuna sababu mbili zinazofanana. Mjomba Mdogo: pale kuna makaburi ya bibi zetu na ardhi ya ukoo haina bei. Mwalimu: mali ya marehemu haiuzwi kabla haki za warithi hazijatolewa, hayo ni maagizo ya Mungu, sio suala la kupenda au kutopenda. Mzee Balozi: ardhi ni ya umma, mtu wa Dar akishapata hii kesho kijiji chote kimekwenda. Na binamu, naomba nimnukuu kama nilivyomwandika, "milioni 18 gawa kwa miti 212 hata elfu tisini kwa mti haifiki, hiyo bei ya mbuzi."

Bei ya mbuzi! Wenzake wanapigania makaburi na aya za Mungu, yeye anapigania dau. Na tulimhesabu kuwa wa kwetu. Yule mnunuzi angekuwa mjanja angepandisha tu kidogo tungempoteza mmoja palepale jamvini.

Hapo ndo nikakumbuka wale Wamarekani wa miaka ya hamsini. Mwaka 1955 William F. Buckley alianzisha jarida, ndani yake akawakusanya watu ambao kwa kawaida wasingekaa jamvi moja: wa dini na mila wanaosema jamii bila maadili ya zamani inaoza, wa soko wanaosema serikali itoke kwenye mfuko wangu, na wapinga ukomunisti ambao wengi wao walikuwa wakomunisti wenyewe zamani. Frank Meyer, mmoja wa hao waliotoka ukomunisti, ndo akawa fundi wa kuwaunganisha, hoja yake ni kwamba wema wa kulazimishwa sio wema, kwahiyo mtu wa dini anamhitaji mtu wa uhuru na mtu wa uhuru anamhitaji mtu wa dini. Hoja nzuri. Ila aliyeibandika jina la kuifanyia dhihaka, kwamba ni mchanganyiko tu wa kulehemu, ni Brent Bozell, naye akajibu mwaka 1962 kwamba hapana, wema kwanza, uhuru baadaye. Na Bozell alikuwa nani? Shemeji yake Buckley, kamuoa dada yake. Nilivyomwona Mwalimu wetu, mkwe, anamtazama binamu kwa jicho la pembeni nikasema hii kitu haina bara.

Mchanganyiko wao ulishika kwa sababu Moscow ilikuwepo. Ukuta wa Berlin ukaanguka 1989, Urusi ya Kisovieti ikavunjika 1991, na 1992 tu Pat Buchanan, mhafidhina mwenzao, yuko njiani kumpinga rais wa chama chake mwenyewe, Bush mkubwa, kuhusu biashara na nje, uhamiaji, vita za mbali. Adui kaondoka na kamba kaondoka nayo.

Kwetu adui aliondoka saa kumi na moja jioni na gari yake. Kesho yake saa tatu asubuhi, chai haijapoa, Mjomba Mdogo akasema basi tumshukuru Mungu shamba limebaki, sasa mimi nitalisimamia kwa niaba ya wapwa. Mwalimu akaweka kikombe chini.

Mwalimu hakupandisha sauti, yeye huwa hapandishi. Alisema: mjane ana thumuni yake. Kilichobaki mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Wapwa hawana kitu watoto wa marehemu wakiwepo. Akanyamaza. Mjomba Mdogo akamuuliza dini hii ilifika lini huku juu nyandani? Babu yetu alizaliwa haijafika, na mashamba yalikuwa yanarithiwa. Mwalimu akajibu kwamba haki haiangalii ilifika lini. Hapo niliandika mstari mzima kwa haraka mana niliona ndo penyewe: mmoja anathamini kitu kwa sababu ni cha siku nyingi, mwenzie anakithamini kwa sababu ni cha kweli, na kwa muda mrefu walidhani wanasema kitu kimoja kwa sababu vyote viwili vinamkataza kijana kuuza shamba anunue bajaji.

Binamu yeye akawageukia wote wawili. Baba alipanda kwa mkono wake, akapulizia salfa, dawa ya mikorosho, kwa hela yake, mnatoka wapi na ukoo? Na Mwalimu nawe, ukishagawa hiyo miti kwa mafungu kila mtu na vimiti vyake hakuna shamba tena, kuna uchafu. Tufanye hisa, mimi niendeshe, kila mtu apate gawio lake. Hayek, yule mchumi wa Austria, mwaka 1960 aliandika kabisa kueleza kwa nini yeye sio mhafidhina, kwamba hao watu wanaogopa mabadiliko na wanapenda mno mwenye rungu ilimradi awe wa kwao. Na bado wahafidhina wa Marekani na akina Thatcher wa Uingereza wakamfanya mzee wao. Binamu yangu hajamsoma lakini siku ile alisema neno hilohilo: "mimi sio mtu wa mila, mimi ni mtu wa mali ya mtu." Jana yake mlikuwa mnamuita mtoto mwenye akili anayelinda mila.

Mzee Balozi alikaa kimya muda, jambo ambalo si la kawaida, afu akasema nyote mnagombea kitu kisicho chenu, ardhi ya nchi hii ni ya umma, Rais kashikilia kwa niaba yetu, nyie mna matumizi tu, nendeni serikali ya kijiji mkaandikiwe hati ya kimila na majina ya wanawake yawemo. Kisheria yuko sawa, Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 inasema hivyo na inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini yeye haongelei sheria ya 1999, yeye yuko Azimio la Arusha, 1967. Ndo jana yake. Anataka irudi nchi ambayo duka ni la ushirika, bei inatajwa redioni, na mtu kama binamu anaitwa kabaila.

Mtu ataniambia huyo sio mhafidhina, huyo mjamaa. Mimi nasema angalia anavyokaa, sio anachokitaja. Urusi ya Gorbachev, mwishoni mwa miaka ya themanini, magazeti yalikuwa yanamuita Ligachev na wenzie wahafidhina, watu waliokuwa wanalinda Chama cha Kikomunisti kisiguswe! Na ilikuwa sahihi. Neno hilo halikwambii mtu anahifadhi nini, linakwambia tu kwamba ameikamata jana kwa mikono miwili. Jana ipi, hapo umuulize mwenyewe.

Na jana ya mmoja ni kimbunga cha mwenzie, hilo tuliliona siku ya pili mchana, na aliyetuonyesha ni mkaza mjomba, mjane mwenyewe, ambaye mpaka hapo hakuna aliyemuuliza kitu (na mimi simo katika wema hapo, daftari langu kurasa nne za mwanzo halina jina lake). Mzee Balozi alikuwa anasifia enzi zile tulivyokaa pamoja kijijini, shule, zahanati, umoja. Mama akasema kwa sauti ya chini, enzi hizo ndo mlizotuhamisha, tukaacha mikorosho maporini, tunakwenda kuokota kwa mwendo wa masaa, moto ukaila. Mzee akatazama fimbo yake. Wanaotaka namba: msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho kama tani 145,000, na kufika 1986/87 ilikuwa chini ya tani 20,000. Sio kule kuhamishiwa vijiji vya ujamaa peke yake kulikofanya hivyo, bei mbovu ilikuwepo, ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwepo, lakini ukiwa na mti uliko saa mbili kwa mguu nani atapalilia.

Kabla ya hapo binamu na Mzee Balozi walishakwaruzana kuhusu kuuza. Sitakaa sana hapa kwa sababu kila nyumba ya Mtwara ina ugomvi huu. Mzee anataka korosho iende AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ghalani, mnadani, mkulima alindwe, na akafika 2018 pale Rais Magufuli alipokataa bei za wanunuzi akasema serikali itanunua kwa 3,300 kilo, jeshi likabeba. Kwa Mzee ile ni siku kuu. Kwa binamu ile ni mwaka watu waliosubiri hela yao mpaka basi. Mwalimu yeye alikuwa na neno moja tu, kwamba kangomba, kumkopesha mkulima mwezi wa sita kwa kipimo cha kumpunja akulipe korosho msimu ukifika, ni riba imevaa kanzu, na binamu aliinama kidogo aliposikia hivyo, sisemi zaidi. Hata Uingereza 1846 chama cha wahafidhina kilipasuka katikati kwa nafaka, Peel, waziri mkuu, anataka ngano ya nje iingie bei ishuke, Disraeli, mbunge wa chama chake, na wenye mashamba wanataka ulinzi ubaki, Peel akashinda kura na akapoteza serikali mwezi huohuo. Miaka 180 imepita na mtu akitaja ushuru kwenye jamvi la wahafidhina bado vikombe vinawekwa chini.

Usiku wa pili binamu akasema kesho nakwenda mahakama ya mwanzo. Hapo kila mtu alitulia, na sio kwa heshima, kwa hesabu. Mahakama ikipata mirathi ya namna hii inauliza marehemu aliishi vipi, maisha yake yalikuwa ya kimila au ya Kiislamu, na alitaka nini. Na marehemu wetu sasa! Alikuwa safu ya mbele msikitini, kazikwa kwa sanda, hitima imesomwa. Mtu huyohuyo ndo aliyelipia ngoma za jando na unyago za wapwa wote, na kila msimu kabla hajagusa korosho mpya alikuwa anamwaga unga kidogo chini ya mkorosho mmoja na kutaja majina. Mwalimu alikuwa anajua. Mjomba Mdogo alikuwa anajua kwamba Mwalimu anajua. Hakuna aliyekuwa na uhakika wa kushinda, na hata zile kanuni za mila za urithi zilizoandikwa na serikali 1963 ziliandikwa kwa makabila ya upande wa baba, sisi wa upande wa mama tulibaki bila kitabu.

Edmund Burke, mbunge wa Uingereza mzaliwa wa Ireland, mwaka 1790 akiwapinga wanamapinduzi wa Ufaransa alisema jamii ni ubia wa walio hai, waliokufa na watakaozaliwa. Watu hulipenda sana hilo neno, na mimi nalipenda, na nafikiri ndo kitu pekee ambacho wale wanne kweli walikubaliana kwa dhati: kwamba waliopo leo hawana haki ya kuamua peke yao, marehemu ana kura. Hata binamu, ukimsikiliza vizuri, hoja yake yote ni jasho la baba. Ugomvi wote wa siku tatu ulikuwa ni nani anaihesabu hiyo kura. Mjomba anasema ukoo ndo msemaji wa marehemu. Mwalimu anasema marehemu hana msemaji, Mungu keshasema kwa niaba ya wote. Binamu anasema marehemu alishajisemea kwa jembe lake. Mzee Balozi anasema taifa. Ukichukua vitabu vyote vya hao wazungu ukavibana, mengi yanayobaki ni hilo, na sidhani lina dawa ya kudumu, lina dawa ya shamba moja moja.

Ya kwetu ilipatikana asubuhi ya siku ya tatu. Mkaza mjomba alisimama, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akasema twendeni shambani, mnahesabu miti hamuijui. Tukaenda, umande bado, suruali zote zimelowa mpaka magotini. Akatusimamisha upande wa bondeni. Mikorosho ya pale mizee, shina huwezi kulikumbatia, matawi yameshuka mpaka yamelala chini yakaota tena, utomvu mweusi umeganda kwenye gome kama lami, na imekaa ovyo, hatua tano hapa, hatua tisa kule, penye jiwe mti umezunguka jiwe. Akasema hii alipanda mama mkwe na kaka zake. Hesabuni. Ikawa 52. Afu akatupandisha juu, huko miti imesimama kwa mstari kama askari, mita 12 kwenda na 12 kurudi, miche ya Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, marehemu alileta kwa baiskeli baada ya 1995 na kamba ya kupimia waliishika yeye na mumewe, akatuonyesha mpaka kovu la kamba kwenye kidole. Hii ni 160.

Hapo ikafunguka, na iliyoifungua sio hoja, ni ule mpangilio wa miti yenyewe. Mwalimu ndo aliyewahi: kitu ambacho marehemu hakukimiliki hakiwezi kuwa mirathi yake, dini haigawi mali ya watu, kwahiyo hiyo 52 mimi simo. Mjomba Mdogo naye akasema hata mama yetu alikuwa anasema mti wa mkono wako ni wa mkono wako. Yaani kila mmoja alipata ndani ya jana yake mlango wa kumpitisha mwenzie, bila kuhama nyumba. Ingekuwa tumewaambia wakutane nusu kwa nusu wasingekubali, mila haina nusu wala aya haina nusu.

160 ikagawanyika vizuri mpaka Mwalimu akasema subhanallah: thumuni ya mjane miti 20, inabaki 140, mafungu saba, kila fungu 20, wa kiume 40 kila mmoja, wa kike 20 kila mmoja. Kijana wa bajaji akapata 40 zake na palepale akamkodisha kaka yake kwa misimu mitatu. Binamu hakupata hisa zake lakini alipata kitu: ubwiri unga haujui mirathi, mti mmoja usipopuliziwa unaambukiza jirani, kwahiyo kupulizia na palizi ni kwa pamoja, mashine yake, gharama inakatwa kwenye mauzo. Mzee Balozi akapata hati ya kimila, wanawake wote wanne wamo, na kila mmoja akasajiliwa kwenye daftari la wakulima mana bila hiyo hupati salfa ya ruzuku. Wapwa tulibaki na 52 chini ya Mjomba Mdogo, mizee, inazaa kwa kujisikia. Nimesema nilikuwa na maslahi, sasa mmeona maslahi yenyewe.

Nisiwadanganye kwamba kulikuwa na amani. Mwalimu anaona ule unga chini ya mkorosho bado utamwagwa na sasa una shamba lake rasmi. Mjomba Mdogo anaona ukoo umebakiziwa bonde. Na nilipomaliza muhtasari tukakwama kwenye kichwa cha habari, saa nzima. Mjomba Mdogo anataka niandike Kikao cha Ukoo. Mwalimu, Kikao cha Mirathi. Binamu anasema Kikao cha Wamiliki. Mzee Balozi anataka Muhtasari kwa Serikali ya Kijiji. Mkaza mjomba akauliza mnaandika nini hapo juu muda wote huo, ming'oko inapoa. Nikaacha mstari wazi, wakasaini chini, yeye kwa dole gumba.

Mwezi wa kumi, minada imeanza, yule wa Dar kapiga simu tena. Kasema kapandisha dau. Hakumpigia Mjomba Mdogo wala Mwalimu, kampigia binamu, waliongea muda mrefu nje ya duka mimi nikiwa ndani nasubiri chenji yangu. Hajasema ni milioni ngapi, na mpaka leo hakuna aliyemuuliza.